SOMO LA MWEZI: NAAMANI, KICHUPA CHA DAWA, NA KOFIA

Soma kwanza: 2 Wafalme 5:1-14, kisha Zaburi 121.



Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja alinifuata chini ya mwembe, nje ya kanisa, akiwa ameficha kitu ndani ya kanga yake. Binti yake ana ualbino, na wengi wetu tunamfahamu kwa sauti yake nzuri katika kwaya ya watoto. Mama akanisalimu:

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Bibi. Nimekuja kwako kwa sababu ulikuwa muuguzi. Dawa hii nimeuziwa gulioni. Muuzaji amesema nikimpaka mtoto usoni, ngozi yote iliyoharibiwa na jua itabambuka, na itatoka mpya kama ya mtoto mchanga. Amesema kansa haitampata tena. Je, ni kweli?"

Nilikipokea kichupa. Hakikuwa na jina la dawa, wala la aliyeitengeneza. Nilipofungua kizibo, harufu yake ikanichoma pua. Nikamwambia, "Mwanangu, usimpake hata tone moja. Lakini swali lako ni jema, nami nitalijibu mbele ya watu wote."

Ndiyo sababu ya somo hili. Katika maneno ya muuzaji yule mna ukweli kidogo ndani yake, na uongo uliochanganywa na ukweli kidogo ni mgumu kuutambua. Basi tuyachambue polepole.

1. NAAMANI ALITAKA JAMBO KUBWA

Naamani alikuwa jemadari wa mfalme wa Shamu, mtu mwenye heshima nyingi, lakini ngozi yake ilikuwa na ugonjwa. Aliposikia kwamba kuna nabii katika Israeli awezaye kumponya, alifunga safari na fedha, dhahabu na mavazi ya thamani. Alifika mlangoni pa Elisha na farasi zake na magari yake. Nabii hakutoka hata kumwona. Alimtuma mtu tu, amwambie akajichovye mara saba katika mto Yordani.

Naamani alikasirika sana. Alitazamia tendo kubwa, nabii asimame mbele yake, aliitie jina la Mungu, na kupunga mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Kuoga mtoni kulionekana kwake ni jambo dogo mno, tena la aibu. Watumishi wake ndio waliomrudisha kwenye akili. Walimwonyesha kwamba kama angeambiwa kufanya jambo gumu angelifanya mara moja, basi kwa nini akatae lililo jepesi? Akashuka, akatii, na mwili wake ukawa safi kama wa mtoto mdogo.

Angalieni, yule muuzaji wa gulioni aliahidi jambo lile lile, ngozi ya mtoto mdogo. Lakini aliliahidi kwa njia ya Naamani wa kwanza, yaani kwa jambo kubwa, la haraka, lenye gharama na maumivu. Katika habari ya jua na ngozi, njia ya Elisha ni nyingine, nayo ni ndogo hata watu huidharau. Tutaifikia.

2. JUA HUIFANYIA NINI NGOZI

Jua ni zawadi ya Mungu. Bila jua mihogo yetu haioti na korosho zetu hazikauki. Lakini pamoja na mwanga tunaouona na joto tunalolisikia, jua huleta pia miale mingine isiyoonekana. Miale hiyo huingia ndani ya ngozi na kuharibu chembe zake. Mwili hutengeneza sehemu kubwa ya uharibifu huo, kama fundi anayeziba nyumba kila mvua inaponyesha. Nyumba ikinyeshewa kila siku kwa miaka mingi, fundi huchoka, na pengine hukosea. Chembe iliyotengenezwa vibaya yaweza kuanza kuongezeka bila utaratibu, na huo ndio mwanzo wa kansa ya ngozi, ambayo siku hizi huitwa pia saratani.

Mungu ameiwekea ngozi kinga, nayo ni rangi yake nyeusi, inayoitwa melanini. Melanini hukaa juu ya chembe kama mwavuli. Wataalamu wamepima wakaona kwamba ngozi nyeupe ya Mzungu hupitisha miale hiyo mikali kwa kadiri ya mara tatu kuliko ngozi nyeusi. Basi weusi wetu si laana wala si uchafu wa kuoshwa. Ni kivuli tunachotembea nacho.

Sisi wa nyanda za Makonde tunalihitaji sana kivuli hicho. Huku Newala jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari, na tena karibu na tarehe 21 Oktoba. Oktoba ndio mwezi wa kuokota korosho na kuzianika uwanjani, wakati mawingu ni machache. Tena tuko juu ya nyanda, na kadiri mtu anavyopanda juu miale hiyo huzidi. Wala mtu asidanganyike na upepo wetu wa baridi. Upepo hupunguza joto tu, miale haipungui. Hata mawingu mepesi huipitisha.

Ipo njia rahisi ya kuujua ukali wa jua bila chombo chochote. Tazama kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko kimo chako, jua si kali sana. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali, jikinge. Kwetu ni tangu karibu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kufundishwa jambo hili.

3. WALIOZALIWA BILA MWAVULI HUO

Wako ndugu zetu ambao mwili wao hautengenezi melanini, au hutengeneza kidogo sana. Ndio watu wenye ualbino. Tuliache lile jina la zamani la zeruzeru, kwa maana linawaumiza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika Tanzania.

Ualbino haurithiwi kwa mama peke yake. Mtoto huzaliwa hivyo kwa sababu amepokea asili hiyo kwa baba na kwa mama, ingawa wao wenyewe ni weusi na hawakujua kwamba wanayo. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Basi mume anayemwacha mkewe na kusema, "Mtoto huyu si wangu," anamhukumu mwenziwe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amechangia nusu yake. Hiyo ni dhambi ya uongo na ya ukatili, na hapana budi aitubu.

Katika watu wenye ualbino jua huanza kazi yake mapema. Madaktari waliowachunguza watu 350 wenye ualbino mjini Dar es Salaam, na kutoa taarifa yao mwaka 1985, waliona kwamba dalili za kuharibiwa na jua huanza tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Kwanza ngozi huwa nyekundu na kuungua. Baadaye hukauka, hukunjamana, na kutoa madoa yenye magamba. Ukipitisha kidole juu yake utahisi kama msasa wa seremala. Madoa hayo bado si kansa, lakini baadhi yake hugeuka kuwa kansa yasipotibiwa. Ndiyo maana wengi wa ndugu zetu hawa wamekufa wakiwa bado vijana, kwa vidonda vya usoni, masikioni, shingoni na midomoni.

Wote tunakumbuka habari za kutisha zilizosikika tangu mwaka 2006 na 2007, hasa kanda ya Ziwa, za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya uchawi. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Lakini jua nalo linaua, polepole na kimya kimya, shambani, uwanjani pa shule, na njiani kwenda kuteka maji. Kifo hicho hakiandikwi magazetini, na cha kusikitisha zaidi ni kwamba kwa sehemu kubwa chaweza kuzuiwa.

4. DAWA YA KUBAMBUA NGOZI: UKWELI NA UONGO

Sasa turudi kwenye kichupa. Je, iko kweli dawa ya kubambua ngozi iliyoharibiwa na jua?

Iko. Madaktari wa ngozi hutumia asidi za namna mbalimbali, kama asidi ya glikoliki, asidi ya trikloroasetiki, na fenoli. Sisi wa nyanda hii hatuna haja ya kwenda mbali ili tuelewe zinavyofanya kazi. Kila aliyebangua korosho anayajua mafuta ya ganda lake. Yakigusa mkono, ngozi hubabuka, hutoa malengelenge, kisha hubambuka, na chini yake hutokea ngozi nyingine. Dawa ya daktari nayo huunguza ngozi ya juu ili ianguke na nyingine iote.

Tofauti ni kipimo. Daktari huchagua nguvu ya asidi, huangalia dakika na sehemu, hukinga macho, na hujua imefika kina gani. Iko ya juu juu tu, iko ya kati, na iko ya chini sana. Ya kati yaweza kuyaondoa madoa mengi yenye magamba kwa pamoja. Katika nchi za Wazungu, ambako wazee wengi nyuso zao zimejaa madoa ya jua, hutumika kwa kazi hiyo. Fenoli ni kali mno. Ikiingia mwilini kwa wingi huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa huangaliwa kwa mashine wakati wote. Huo ndio ukweli kidogo uliomo katika maneno ya yule muuzaji.

Uongo wake ni huu:

(a) Alisema kansa haitampata mtoto tena. Asidi haiwezi kutia melanini ndani ya ngozi. Ngozi mpya ya mwenye ualbino itatoka bila mwavuli, kama ile ya zamani. Tena kwa majuma mengi itakuwa nyororo na dhaifu, na jua litaichoma upesi zaidi. Ni kama kuezua paa bovu wakati wa masika, na nyasi mpya huna.

(b) Alitaka mama ampake mtoto usoni bila kuonwa na daktari. Pengine mojawapo la madoa yale ni kansa tayari, nayo ina mizizi chini. Asidi huunguza juu tu. Jeraha hufunga, watu wakamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa unaendelea ndani. Tena asidi imeiharibu ile nyama ambayo daktari angeikata kidogo na kuipeleka kupimwa kwa darubini, ili ijulikane ni ugonjwa gani.

(c) Hakusema neno juu ya macho. Tone moja la asidi kali machoni laweza kupofusha, na mwenye ualbino tayari ana macho dhaifu tangu kuzaliwa.

(d) Huiuza dawa hiyo hiyo kwa watu weusi pia. Ngozi nyeusi ikiunguzwa hupenda kuacha mabaka meusi zaidi, na kwa wengine kovu huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe.

Hospitali inazo njia nyingine za kutibu madoa hayo kabla hayajawa kansa. Huyagandisha kwa naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Doa hufa, likaanguka, na kazi yenyewe huchukua dakika chache. Au hutumia krimu ya fluorourasili, inayopakwa kwa majuma kadhaa kwa maagizo ya daktari. Mgonjwa asishtuke akiona doa linakuwa jekundu na kidonda kabla ya kupona, kwa maana ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi. Ikiwa ni kansa, hukatwa. Ikikatwa ingali ndogo, mara nyingi mgonjwa hupona kabisa. Ikichelewa, safari huwa ndefu, mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya mionzi, na hapo gharama na machozi ni mengi.

5. WANAOUTUPA MWAVULI WAO WENYEWE

Hapana budi niseme na wengine pia, hasa vijana wetu wa kike, na siku hizi hata wa kiume. Wako watu ambao Mungu amewapa mwavuli mzuri, nao hununua mkorogo ili kuuondoa. Wanataka kuwa weupe.

Ndani ya mkorogo mara nyingi mna zebaki, ambayo huingia mwilini na kuharibu figo. Mna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu yaweza kugeuza uso kuwa na mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi yasiyotoka. Mna dawa za namna ya steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, hata mtu akifanyiwa upasuaji jeraha hukawia kupona. Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuondoa zebaki katika vipodozi. Hata hivyo vinauzwa chini kwa chini.

Fikirini ajabu hii. Katika kanisa moja ameketi binti mwenye ualbino, ambaye angefurahi kuwa na melanini ya kumkinga asife. Kando yake ameketi binti mwingine anayelipa fedha ili kuipunguza yake. Tunapomsifu mtu kwa weupe wake, hata kwa mzaha harusini, ndio tunaompeleka dukani kuununua mkorogo. Tuwe waangalifu na ndimi zetu.

6. DALILI ZA KUZIANGALIA

Kila mtu, awe mweusi au mwenye ualbino, ajue dalili hizi:

- Kidonda kisichopona baada ya majuma manne.
- Gamba linaloanguka na kurudi pale pale.
- Uvimbe unaokua, au unaotoka damu kwa kuguswa kidogo.
- Ufa au kidonda juu ya mdomo wa chini kisichofunga.
- Kwa mtu mweusi, doa jeusi linaloenea chini ya unyayo, katika kiganja, au chini ya ukucha. Kansa ya namna hii haitokani na jua, kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi ni mweusi, hainihusu."
- Kidonda cha miaka mingi mguuni, au kovu kubwa la moto, linaloanza kuota nyama mpya au kunuka. Vidonda na makovu ya zamani huweza kugeuka kuwa kansa, na wazee wetu wengi wanavificha chini ya suruali na kanga.

Ukiona mojawapo, nenda zahanati au hospitali. Usipake asidi ya betri, wala mafuta ya ganda la korosho, wala dawa isiyo na jina. Ukiambiwa upeleke nyama kupimwa, usikatae kwa kuogopa kisu. Kupimwa hakuenezi kansa. Ni kuchelewa kunakoieneza.

7. MAMBO MADOGO YA ELISHA

Sasa tumefika mtoni Yordani. Mambo haya ni madogo. Msiyadharau.

Kofia. Iwe pana pande zote, pama hasa, ifunike masikio na shingo. Kofia ya kapelo hukinga paji la uso tu, na masikio ndiyo mahali kansa hupenda kuanzia. Tunao watu wetu wanaojua kusuka. Pama la ukindu halina gharama ya kumshinda mzazi.

Nguo. Mikono mirefu, na sketi au suruali ndefu, ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Inyanyue nguo mbele ya jua. Ukiona mwanga unapenya, na miale inapenya.

Saa. Mtoto mwenye ualbino atumwe maji alfajiri au jioni. Shambani alime mapema, kisha apewe kazi za kivulini, kama kubangua na kuchambua. Asipewe kazi ya kuanika korosho mchana. Huko si kumdekeza. Mtu asiye na miguu hatumtumi kupanda mnazi.

Mafuta ya kukinga jua. Yapakwe karibu nusu saa kabla ya kutoka, kwa wingi, na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kuna chuo cha waganga wa ngozi, yalianza kutengenezwa katika miaka ya 2010 mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Ulizeni zahanati kama mafuta ya kukinga jua yanapatikana. Lakini mafuta ni msaidizi tu. Kofia na nguo ndio walinzi wakubwa. Wala asiyapake mtu ili akae juani muda mrefu zaidi.

Kuonwa. Mwenye ualbino aonwe ngozi yote na mganga kila baada ya miezi sita, hata kama hana kidonda. Na nyumbani mama au ndugu amtazame kila mwezi, nyuma ya masikio na shingoni, mahali asipoweza kujiona mwenyewe.

8. KANISA NALO LIWE KIVULI

Mnakumbuka habari ya Yona, alipoketi nje ya Ninawi. Mungu aliotesha mmea ukawa kivuli juu yake. Mungu aliyejali kichwa cha nabii mwenye hasira, je, hajali kichwa cha mtoto wetu?

Basi katika mitaa yetu tufanye haya. Jumapili ya Matawi maandamano yaanze asubuhi mapema, na mtoto mwenye ualbino avae kofia njia nzima. Mwiko wa mwanaume kuvua kofia ni wa ndani ya kanisa. Njiani asinyang'anywe na mzee yeyote. Kanisani aketi mbele, kwa sababu ya macho yake, lakini si penye dirisha la jua. Walimu wa shule waruhusu kofia na mikono mirefu juu ya sare, na wasimsimamishe uwanjani jua la saa sita kwa adhabu wala kwa gwaride. Akina mama wa Umoja wanaweza kushona nguo na kusuka mapama. Baraza la mtaa linaweza kutenga sadaka moja kwa mwaka kwa nauli ya wanaokwenda kuonwa hospitali.

Wala tusiwatazame ndugu hawa kama wagonjwa wa kuhurumiwa tu. Mwaka 2010 majirani zetu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, wa kwanza wa namna yake kuchaguliwa na wananchi katika Tanzania. Tukimkinga mtoto na jua leo, hatujui Mungu atamfanya nani kesho.

Yule mama niliwaambia waende pamoja na mtoto hospitali, nao walikwenda. Daktari aliyaona madoa mawili karibu na sikio, akasema bado si kansa, na yakatibiwa. Kichupa tulikizika mbali na kisima. Jumapili iliyofuata binti alikuja kanisani na pama jipya lenye utepe wa kijani. Wenzake wakamcheka kidogo. Juma la tatu, wawili kati yao nao walikuwa wamevaa mapama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Naamani alikasirika? Taja jambo dogo la afya ambalo sisi hulidharau kwa sababu ni dogo.
2. Katika mtaa wenu wako watu wangapi wenye ualbino? Je, wote wana kofia pana? Ni nani aliyewaangalia ngozi mwaka huu?
3. Muuzaji akija na dawa isiyo na jina, mtamwuliza maswali gani?
4. Ni maneno gani tunayoyasema nyumbani yanayowafanya binti zetu wauchukie weusi wao?
5. Kuna mzee gani jirani yenu mwenye kidonda cha siku nyingi? Ni nani atakayekwenda naye hospitali, na siku gani?

SALA

Ee Mwenyezi Mungu, uliyeumba jua na kivuli, na kuwavika watu ngozi za rangi nyingi kwa hekima yako, tufundishe kuishukuru kazi ya mikono yako. Uwalinde watoto wako wenye ualbino, mchana na usiku. Uwape waganga na wauguzi macho ya kuona mapema na mikono ya upole. Utuondolee kiburi cha Naamani, tupate kutii katika mambo madogo, na utufanye kuwa kivuli sisi kwa sisi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.